Kamba ya Nyuma

Mama yake alizoea kusema kwamba mwanawe huyu hakulia alipozaliwa, alitangaza. Nyumbani walimtuma uani kuwaita wenzake chakula kikiwa tayari, maana akiita yeye hata majirani walioshiba waliinuka. Shuleni aliwahi kutolewa nje ya darasa kwa kosa la kupiga kelele, naye alikuwa ananong'ona. Alipoingia kazini wakampa jina la Kipaza, na jina likamkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo cha kichwa chake.

Kazi yenyewe iliitaka sauti hiyo. Kipaza alisimamia kikosi kidogo kilichozunguka na gari kusimamisha mlingoti wa kupimia hali ya hewa. Juu kabisa hukaa vikombe vinavyozungushwa na upepo, na kishale cha kuonyesha unakotoka. Chini yake kipimajoto ndani ya kikasha cheupe. Mlingoti ulikuwa wa kuhamahama: mabomba mepesi yanayochomekana, kitako cha chuma, vigingi na kamba nne. Msimu huu uko hapa, msimu ujao uko kwingine. Hauna msingi wa zege wala ukuta wa kuegemea. Kinachousimamisha ni zile kamba, kila moja ikivutia kwake, kama ndugu wanne wanaogombea urithi. Na kwa kuwa hakuna anayeshinda, mlingoti unasimama.

Kikosi kilikuwa na kanuni moja iliyozidi zote: sauti ni moja. Mlingoti unapoinuka anasema mtu mmoja tu, naye husimama kitakoni, mahali anapoziona kamba zote. Wengine ni mikono. Na anayesema hasemi mengi. Vuta. Shika. Legeza. Achia.

"Kwenye kamba hakuna shikamoo," Kipaza alikuwa akiwaambia wageni wa kazi. "Nikikuita mbuzi, kuwa mbuzi mpaka tumalize. Jasho likikauka tutaombana radhi."

Na kweli waliombana radhi. Dereva, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, alishaitwa gunia, kinu na mkia wa kondoo, na kila jioni alikunywa chai na aliyemwita. Walikuwa hawajawahi kuumia. Milingoti mingi ilisimama na kushuka mikononi mwao, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kwake na kidole kilichovimba. Kipaza alijivunia hilo kuliko mshahara wake, na hakuwa mtu wa kuficha anachojivunia.

Kulikuwa na mlango mmoja tu duniani ambao sauti yake haikuwahi kuuvuka tena baada ya siku ya kwanza. Ulikuwa mlango wa baba mkwe.

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, mzee mwembamba, msafi, mwenye futikamba shingoni tangu asubuhi hadi jioni kama mwingine anavyovaa tai. Chumba chake cha kushonea kilitazama barabara, na mlango haukufungwa ila mvua ikinyesha. Watu walimletea kitambaa kutoka mitaa ya mbali kwa sababu ya vidole vyake. Hakuvaa subana ya kukinga kidole. Akimaliza kifundo cha mwisho, aliuzungusha uzi kwenye vidole vya mkono wa kulia, mara mbili, mara tatu, akavuta kwa ghafla, nao ukakatika palepale alipotaka. Mkasi, alisema, ni wa watu wasiojuana na uzi.

Siku ya posa, Kipaza aliingia katika nyumba ile amevaa shati jipya, akaamkia kwa sauti aliyozaliwa nayo. Kikombe kilitetemeka kwenye kisahani. Nyuma ya pazia mtu akaguna. Mzee akakishusha kikombe taratibu, akamtazama kijana kuanzia viatu, akasema, "Karibu, kijana. Hapa hatuna kiziwi."

Pazia zima likacheka. Masikio ya Kipaza yaliwaka moto kama pasi. Alikuwa na kiburi, na mwenye kiburi akichekwa hasahau, huweka nadhiri. Tangu siku hiyo, mbele ya mzee, aliongea kama mtu aliyebeba mayai mdomoni. Alipunguza sauti mpaka mkewe mwenyewe akamuuliza kama anaumwa. Na kwa kuwa masikio ya mzee yalikuwa yameishi maisha yao yote kando ya cherehani, mara nyingi hakupata hata neno. Aliinamisha kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akamgeukia binti yake.

"Mumeo anasemaje?"

"Anasema chakula kizuri, Baba."

"Aa. Nilidhani anasali."

Mke alicheka. Kipaza hakucheka. Alijiambia kwamba hiyo ndiyo heshima, na heshima ina gharama yake.

Msimu ule walipangiwa uwanja wazi nyuma ya mtaa wa baba mkwe. Ofisi ilitaka kujua joto na upepo wa katikati ya makazi ya watu, si wa mashambani tu. Kipaza alifurahi kuliko alivyoonyesha. Mzee alikuwa hajawahi kuiona kazi yake. Wateja wakimuuliza mkwewe anafanya nini, alijibu, "Anasimamisha fimbo." Hakusema kwa ubaya, lakini lilimkaa Kipaza kooni kama mwiba wa samaki. Alitaka mzee aje, aone fimbo hiyo inavyoinuka, aone watu wanavyotii.

Asubuhi ya kazi, mtu wa nne wa kikosi, waliyemwita Pacha, alipiga simu kwamba ana homa na hawezi hata kukaa. Pacha ndiye aliyekuwa mtu wa kamba ya nyuma.

"Basi tungoje kesho," alisema Mtaalamu. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyevifunga vipimo na kuvisoma, na siku za kuinua akashika kamba kama wengine. "Mlingoti si maziwa. Hautaganda."

Kipaza alikuwa karibu kukubali. Kinywa kilishafunguka. Ndipo akamwona mzee akikata kona ya mtaa, futikamba shingoni, anakuja polepole kama mtu aliyealikwa.

"Shikamoo, Baba," Kipaza alisema kwa ile sauti ya mayai.

Mzee akainamisha sikio. "Eh?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Ndiyo fimbo yenyewe hii?"

"Ndiyo, Baba."

"Ndefu. Mbona imelala?"

"Imechoka kama mimi, Mzee," Dereva akadakia kutoka juu ya gari. "Mwenzetu mmoja ana homa. Tumepungua mkono."

Mzee akauangalia mlingoti uliolala kwenye nyasi, akaziangalia kamba, akakunja mikono ya shati. "Mimi nina miwili," alisema.

Hapo Kipaza akabanwa. Akimkataa, amemwambia mkwewe mbele ya watu kwamba amezeeka. Akimkubali, amemfanya baba wa mkewe kuwa kibarua wake. Mtu mwingine yeyote angemwambia, mzee wangu, kaa pale kivulini utazame, na yangeisha kwa mzaha. Lakini Kipaza hakuwa na mzaha na mzee. Aliutupa siku ya posa. Na ndani kabisa, mahali ambapo hata yeye hakupenda kupachungulia, alifurahi. Mzee hatatazama tu. Atakuwa ndani ya kazi yenyewe.

Mtaalamu akamvuta pembeni. "Mweke mbele na Dereva. Mimi nitakaa nyuma."

"Mbele ni kuvuta. Nimvutishe mkwe wangu kamba kama punda?"

"Nyuma ndiko kubaya, na unajua."

"Nyuma ni kungoja tu."

Wote wawili walisema kweli. Mlingoti huu huinuliwa kwa kamba ya mbele, wakati zile za ubavuni zimeshafungwa vigingini kuuzuia usiyumbe. Kamba ya nyuma haina kazi. Inalegea chini kama mkia wa paka aliyelala, tangu mwanzo wa kuinua hadi karibu na mwisho. Kisha mlingoti unakaribia kusimama wima, na kwa kitambo kifupi uzito wote unataka kupita upande wa pili. Kwa kitambo hicho dunia nzima iko mikononi mwa mtu wa nyuma. Ndiyo maana mahali pale alikaa Pacha, mtu asiyepepesa macho.

Mtaalamu alileta glovu. Mzee akazipokea, akazigeuza, akakagua mshono wake kwa dharau kidogo, akamrudishia. "Mama, zikiingia hizi, vidole vyangu vinakuwa viziwi."

Kipaza alitakiwa kusema vaa. Dereva siku moja alikataa glovu, na Kipaza alimtupia usoni. Kipaza alitazama nyasi.

Kisha akamweleza mzee kazi. Aliinama, akapitisha kamba kwenye kigingi mara moja, akashika mwisho wake, akasema, "Hivi, Baba. Unashika tu. Usiizungushe mkononi." Aliyasema kwa adabu zote, kichwa chini, maneno yakidondokea kwenye kigingi badala ya kupanda kwenye sikio. Mzee aliitikia kwa kichwa. Alichosikia hakijulikani. Mtu akiinamiwa na mkwewe, huitikia.

Wakaanza. Kipaza akakanyaga kitako, akajaza kifua, na sauti yake ikarudi nyumbani. "Mbele, vuta."

Mlingoti ukanyanyua kichwa kutoka kwenye nyasi. Vikombe vikaanza kuzunguka kwa wasiwasi. Watu wa mtaa wakatoka milangoni, na mama mmoja akabaki na nguo iliyokamuliwa nusu, ikimdondokea miguuni. Kipaza aliona yote hayo kwa pembe ya jicho, akaona pia kwamba mzee anatazama, na akahisi kimo chake kinaongezeka pamoja na mlingoti.

"Shika. Vuta tena. Dereva, umezungusha kamba mkononi. Toa, gunia wewe, kabla sijaja kukukata mwenyewe."

Dereva akaufungua mkono haraka, akicheka. "Nimetoa, msimamizi."

"Vuta."

Mlingoti ukapita nusu, ukapita robo tatu. Kipaza akageuza shingo kutazama nyuma, kama anavyogeuza kila mara. Kamba ya nyuma ilikuwa inaanza kunyanyuka kutoka kwenye nyasi. Mzee alikuwa amesimama vizuri, miguu imepanuka, uso makini. Na kwenye vidole vya mkono wake wa kulia, mara mbili, mara tatu, kamba ilikuwa imezungushwa. Kama uzi. Kama alivyofanya maisha yake yote, bila kufikiri, kitu chochote chembamba kilipofika mkononi mwake.

Neno lilikuwa moja. Lilikuwa limeshatoka dakika chache kabla, kwa Dereva, na lilikuwa bado na joto mdomoni. Toa. Mtoto wa chekechea angeliweza.

Kipaza alifungua kinywa, akamwona baba mkwe wake, na kilichotoka kilikuwa hiki: "Baba, samahani, naomba kama hutajali, hiyo kamba..."

Mzee aliona midomo inacheza. Akainamisha kichwa kwa upole, akautoa mkono wa kushoto kwenye kamba, akauweka nyuma ya sikio.

"Unasemaje?"

Upepo ukaja kutoka nyuma ya nyumba. Haukuwa mkubwa. Baadaye Mtaalamu aliutafuta katika vipimo akasema ni wa kawaida tu, wa kukausha nguo. Ulisukuma mgongo wa mlingoti, mlingoti ukapita wima ukielekea mbele, kamba ya nyuma ikanyooka kwa mlio, na mkono wa mzee ukafika kwenye kigingi kabla ya mzee mwenyewe.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, kama mtu aliyekaa baada ya kutembea sana.

Kipaza aliacha kitako, jambo ambalo halifanywi, akarukia ile kamba juu ya kigingi, akauvuta mlingoti mzima kumrudia, peke yake, mpaka kamba ikalegea na Mtaalamu akaweza kuufungua mkono. Hapo ndipo sauti ilipomjia. Alipiga mayowe mtaa mzima ukasikia. "Legeza. Fungua. Fungeni kigingi. Leteni gari." Amri nzuri zote, moja baada ya nyingine, wazi, fupi, bila samahani hata moja.

Mlingoti ulisimama. Hilo ndilo lililomuuma kila alipokumbuka. Mkono wa mzee uliushikilia kitambo kile, na walipoufunga ulikuwa wima kabisa, vikombe vinazunguka juu bila habari.

Hospitalini walikata vidole viwili. Viwili vingine vilibaki lakini havikukunjika tena, na kidole gumba kikabaki peke yake kama mlinzi wa nyumba iliyohamwa. Mke wa Kipaza alikuja mbio, kanga imefungwa upande. Alikaa karibu na mumewe kwenye benchi la kungojea, hakumgusa.

"Ulimwona amezungusha?"

"Nilimwona."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulimwambiaje?"

Akamwambia alivyosema, kwa sauti ileile aliyoitumia, neno kwa neno, mpaka lile kama hutajali. Mkewe, ambaye aliijua sauti ya mumewe ikivuka kuta za vyumba vitatu, alijifunika uso kwa viganja.

Watu husema majuto ni mjukuu. Ya Kipaza hayakungoja kuwa hata mtoto. Yalizaliwa pale kwenye benchi, yakasimama siku hiyohiyo, yakamfuata nyumbani yakitembea kwa miguu yao.

Wateja wa mzee walikuwa watu wema. Walikuja kumpa pole na matunda, wakakaa, wakamsifu Mungu kwamba hakufa. Kisha wakati wa kuondoka mmoja mmoja aliangalia kwenye rafu na kusema, kwa sauti laini, kwamba kile kitambaa chake hakina haraka, ila kwa kuwa amepita, basi aondoke nacho tu, atakirudisha. Mzee aliwafungia vitambaa vyao kwa mkono wa kushoto. Rafu ikabaki na chaki, vifungo, na koti moja la mtu aliyesafiri.

Kipaza alikwenda kila jioni baada ya kazi. Alitunga uzi kwenye sindano, akafagia vipande, akatia mafuta cherehani isiyoshona. Mzee alijaribu upindo kwa mkono wa kushoto, akafumua, akajaribu tena. Mishono ilikwenda kama mtu mlevi njiani. Jioni moja, baada ya kufumua, aliweka sindano chini.

"Nikuulize kitu, kijana."

"Niulize, Baba."

"Sema kwa nguvu, sikusikii."

"Niulize."

"Siku ile, yule mwenzako mnene naye alizungusha. Nilikusikia ukimkemea. Gunia, ulimwita. Nikacheka moyoni."

"Ndiyo."

"Mimi mbona hukunikemea?"

Kipaza alitazama sakafu. Jibu alikuwa nalo tangu zamani, na siku zote alikuwa ameliona zuri. "Yule si mkwe wangu, Baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana ana vidole vyote."

Hakulisema kwa hasira. Lingesemwa kwa hasira lingekuwa na mahali pa kushikwa. Nje baiskeli ilipita ikipiga kengele. Mzee akaichukua sindano tena, akaiangalia kama kitu cha mtu mwingine.

"Siku uliyokuja kuposa," alisema, "ulipiga shikamoo mpaka kikombe kikaruka. Mama yenu, Mungu amrehemu, akaniuliza usiku, umemwonaje? Nikamwambia, huyu mpe. Mtu mwenye sauti kama hiyo hawezi kuficha jambo ndani ya nyumba. Nilikupenda kwa hilo."

"Ulisema hapa hatuna kiziwi."

"Nilisema." Mzee alimkazia macho, na kitu kikapita usoni mwake, kama mtu aliyepapasa mfuko akagundua umetoboka zamani. "Nilikuwa natania. Wewe ndiyo ulibeba hilo miaka yote?"

Kipaza alikuwa amelibeba. Alilikunja vizuri, akalihifadhi, akaliita heshima; na kumbe lilikuwa mzaha wa mzee mwenye kikombe cha chai, ambao ungejibiwa kwa mzaha ukaisha palepale. Alitafuta wa kumlaumu akakosa. Upepo ulikuwa wa kukausha nguo. Kamba ilifanya kazi ya kamba.

Kazini naye akaharibika kwa namna nyingine. Kila alipokanyaga kitako maneno yalikuja na mikia. Tafadhali vuta. Naomba ushike hapo. Dereva alivumilia wee, mwisho akamwambia, "Msimamizi, nirudishie ugunia wangu. Hizi tafadhali zako zitatuua."

Msimu ukaisha. Ofisi ikataka mlingoti ushushwe ukasimame kwingine. Kikosi kikarudi kwenye uwanja ule, Pacha akiwa mzima. Kushusha ni kuinua kinyumenyume: mlingoti hulazwa upande wa nyuma, kamba ya mbele ikiachiwa kidogo kidogo. Nyasi zilikuwa zimekauka. Kigingi cha nyuma kilikuwa kimeota kutu. Kipaza alikikwepa kwa macho.

Walikuwa wameshaanza kuachia, mlingoti umeinama kama mzee anayetafuta kitu chini, Kipaza alipomwona baba mkwe. Alikuwa amekuja kwa njia ya uchochoroni, mkono wa kulia mfukoni, futikamba shingoni ingawa haikuwa na wa kumpima. Alisimama nyuma, karibu na kigingi kile, akatazama juu. Alisimama hasa mahali ambapo kichwa cha mlingoti kingelala.

Hatari ilikuwa bado mbali. Kulikuwa na muda wa samahani mbili tatu. Kipaza aliyahisi maneno yakija na mikia yake, yamejipanga foleni, Baba, naomba, kama hutajali. Na juu ya bega la mzee aliona mlango uleule wa siku ya kuinua, na yule mama aliyekuwa akikamua nguo, na kamba yake ya kuanikia.

"Wewe Mzee," alisema, kwa kifua chote. "Toka hapo."

Sauti ilivuka uwanja, ikagonga kuta za nyumba, ikarudi. Kuku wakakimbia. Mzee aliruka pembeni kama kijana, futikamba ikamtoka shingoni ikaanguka. Hakuinamisha sikio. Hakuuliza unasemaje.

Umbali ulikuwa uleule. Kutoka kitakoni mpaka kigingini, hatua hizohizo, masikio hayohayo. Neno lilifika kabla pumzi haijaisha. Lingefika siku ile pia.

"Achia kidogo," Kipaza akasema. "Shika. Achia." Mlingoti ukashuka mpaka ukalala, na vikombe vikasimama.

Mzee akaja taratibu. "Leo nimesikia," alisema. "Hata marehemu wamesikia." Dereva akacheka mpaka akakaa chini, na Pacha naye, na Mtaalamu akavua miwani kuipangusa. Mzee alitabasamu, akamtazama Kipaza, akingoja. Kulikuwa na nafasi ya mzaha pale, imefunguliwa kama mlango, kama ile ya siku ya posa. Kipaza aliiona safari hii. Alijaribu kucheka pia. Kilichotoka hakikuwa kicheko, na mzee akageuza uso kwa adabu, kumpa muda.

Ikabaki kazi ya kukusanya. Kila mtu alishika kamba yake. Ile ya nyuma ilikuwa chini, haina mtu, maana Pacha alikuwa anang'oa vigingi. Mzee akainama, akaiokota kwa mkono wa kushoto. Alitazama jinsi wengine wanavyokunja, kiganja hadi kiwiko, kiganja hadi kiwiko. Akautoa mkono wa kulia mfukoni. Kiganja hakikuweza kushika, kwa hiyo aliizungusha kamba juu ya mkono mzima, mara moja, mara mbili, mara tatu, kwa makini ya fundi, bila mzunguko kupanda mwenzake.

Kamba ilikuwa imelegea. Mwisho wake wa pili haukufungwa popote. Ulikuwa unamfuata mzee kwenye nyasi, ukipungua. Hata hivyo Kipaza alibaki amesimama kitakoni, akiuangalia mkono ule, kifua kimejaa hewa, mpaka mzunguko wa mwisho.